Kidokezi cha Lugano

Siku aliyozikwa Subilaga, watoto wote waliofika msibani walisalimia vizuri, isipokuwa mjukuu wake wa kike, Lugano.

Walipita mlangoni na masweta yao yaliyolowa mvua, wakainama mbele ya kila mtu mzima, wakasema shikamoo, wakasema pole kwa msiba, wakangoja kuitikiwa, ndipo wakaenda kukaa karibu na mama zao. Hata wale wadogo ambao kamasi zilikuwa bado zinawashinda walijua kutoa pole kabla ya kuomba maji. Hakuna aliyeshangaa. Nyuma ya sikio la kila mmoja palikuwa na kidokezi, kidude cha ukubwa wa punje ya harage, chenye rangi ya ngozi, na hicho ndicho kilichokuwa kikiwanong'oneza la kufanya.

Lugano naye alikuwa na chake, ila kilikuwa kimenyamaza. Sauti iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya bibi yake, na bibi yake ndiye aliyekuwa amelala sebuleni ndani ya sanduku.

Ndivyo vidokezi vilivyotengenezwa. Miaka ya mwanzo, sauti ziliendelea kunong'ona hata baada ya wenye sauti kufa. Watoto walikuwa wakiwajibu marehemu mbele ya jeneza, na waombolezaji wakatoka mbio. Wachungaji wakalalamika, masheikh wakalalamika, mwishowe watengenezaji wakaweka kanuni: kifo cha mwenye sauti kikishaandikishwa, kidokezi kinafunga mdomo, na hakifungui tena mpaka mjane au mgane aweke kidole gumba na kuruhusu.

Mgane alikuwa Asajile. Alikaa kwenye benchi lililoegemea ukuta, blanketi mabegani, akiitikia pole za watu kwa kutikisa kichwa. Watu walimwambia ajikaze. Wengine walimwambia alie, atapata nafuu. Yeye hakufanya hili wala lile. Alikuwa akimtazama mjukuu wake barazani.

Mvua ya Rungwe haijui msiba wala harusi, kwa hiyo baraza ilikuwa imejaa viatu vyenye tope. Lugano alichuchumaa katikati ya viatu hivyo akavipanga. Alivipanga kwa utulivu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, na alipomaliza safu moja alianza nyingine.

"Tazameni mtoto mwenye adabu," akasema mama mmoja wa kwaya. "Bibi yake amelala pale, naye anatupangia viatu."

"Huyo ni Subilaga mtupu," akaitikia mwingine.

Sifa ziliendelea mpaka watu walipotaka kutoka. Hapo ikaonekana kwamba Lugano hakupanga viatu kwa jozi. Alikuwa amevigeuza vyote, nyayo juu, akavipanga kwa michoro ya chini: vyenye mistari upande huu, vyenye nukta upande ule, vyenye mawimbi karibu na mlango. Kiatu cha mchungaji kilikuwa kimelala na ndala ya muuza maziwa. Mzee mmoja akarukaruka kwa mguu mmoja akitafuta mwenzake wa kiatu alichokwisha kuvaa. Akakipata, akakitoa kwenye safu. Lugano akakichukua mkononi mwa mzee na kukirudisha. Yule mzee akakitoa tena. Lugano akakirudisha tena, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango ulioachwa wazi na wengine.

"Mjukuu," akasema yule mzee kwa sauti ya chini, "nimebanwa. Naomba niende, nitakurudishia."

Watu wakacheka, cheko la msibani lile linalofunikwa na kiganja. Asajile naye alihisi kitu kikilegea kifuani, cha kwanza tangu Jumapili aliyofiwa.

Ndipo akaingia Anyegile, binti wa kaka yake Asajile, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, ambaye miaka yote aliwatambia watu kwamba hakuna mtoto anayempenda kama Lugano. Akamwinamia.

"Mama yangu, hunisalimii? Shangazi nimekuja."

Lugano hakuinua macho. Alitazama kishikizo cha koti la Anyegile, kile kinachong'aa, akasema kwa sauti iliyowafanya wote barazani wanyamaze, maana haikuwa sauti ya kitoto. Ilikuwa na mpando na mshuko wa Subilaga, hata ile pumzi ndogo aliyokuwa akiivuta kabla ya kusema jambo.

"Mwangalie shangazi. Tabasamu kidogo. Sema shikamoo. Ngoja aitikie. Vizuri. Sasa unaweza kuacha."

Kisha akarudi kwenye viatu.

Anyegile alisimama wima polepole. "Kumbe ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Miaka yote hii alikuwa akiambiwa anitabasamie. Na mimi nilikuwa namnunulia biskuti."

*

Baada ya matanga, nyumba ilibaki na watu wachache. Gwamaka, mtoto wa Asajile na baba yake Lugano, alirudi kwenye visima vya mvuke mlimani, ambako moto wa ardhi hugeuzwa umeme na ambako wafanyakazi hushuka nyumbani mara moja kwa mwezi. Walibaki Asajile, mkwewe Tusekile, na Lugano.

Asajile alikuwa na kazi moja tu ya asubuhi, kukamua ng'ombe, na baada ya hapo siku nzima ilikuwa mbele yake kama uwanja usio na kitu. Zamani uwanja huo ulijazwa na Subilaga. Alikuwa mwanamke wa kusema peke yake akipika, akiwagombeza maharage kwa kuchelewa kuiva. Sasa maharage yaliiva kimya.

Lugano ndiye aliyemtoa kwenye benchi. Hakumwita. Hakumwonyesha kitu kwa kidole, kama watoto wafanyavyo. Alimshika kifundo cha mkono, akamvuta mpaka nyuma ya banda la ng'ombe, akauweka mkono wa babu yake juu ya kijiti kilichozuia pangaboi dogo la upepo lisizunguke. Alikuwa akiutumia mkono ule kama mtu anavyotumia ufunguo. Asajile akaelewa. Akakitoa kijiti, pangaboi likaanza kuzunguka, na Lugano akaanza kupeperusha mikono.

Mikono ile ilikuwa kitu kipya. Aliitikisa kandokando ya mwili, vidole vikiwa wazi, haraka, akisimama juu ya ncha za vidole vya miguu, na kutoka kooni mwake kulikuwa na sauti nyembamba ya furaha. Asajile aliishi na mtoto huyu tangu azaliwe na hakuwahi kumwona hivi. Au aliwahi, mara chache, jioni, Subilaga alipokuwa akimwogesha na kukiweka kidokezi pembeni kisilowe. Alikuwa akisikia sauti ile nyembamba kutoka bafuni, na sauti ya mkewe ikicheka. Siku hizo alidhani ni maji.

Akaleta kigoda akakaa. Tangu siku ile wakawa wanakwenda wote wawili nyuma ya banda kila asubuhi. Kule bondeni mashine za kuchuma chai zilitambaa juu ya reli zake, ukungu ukipanda na kushuka. Msiba mzima watu walikuwa wakimtaka Asajile aseme neno, aeleze anajisikiaje, ashukuru, aitikie. Mtoto huyu hakumtaka kitu. Aliegemeza mgongo wake kwenye goti la babu, uzito wake wote, akatazama pangaboi. Asajile aligundua kwamba anaweza kulia pale bila kuulizwa, na kwamba akishalia anasikia njaa, jambo ambalo ni zuri.

Mambo mengine aliyaona polepole. Ukimwita Lugano kwa jina lake hageuki, uite mpaka uchoke, lakini ukifunua kopo la maziwa upande wa pili wa ua anakuja. Akila, ndizi zisiguse maharage. Zikigusana, sahani nzima imekwisha thamani. Kiti cha Subilaga kiliposogezwa dirishani, alilia kilio cha mtu aliyechomwa moto mpaka kikarudishwa kilipokuwa. Na wimbo wa tangazo la sabuni aliujua wote, na maneno ya mchungaji ya makaburini aliyajua yote, ingawa hakuna aliyejua kama anayaelewa.

Jioni moja Asajile alikuwa amekaa barazani akitazama ua. Nyuma yake, ndani ya mlango wa jiko, Tusekile alikuwa akimenya ndizi. Hawakutazamana. Hiyo ilikuwa desturi ya watu wao tangu zamani: mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni. Nyumba nyingi za Rungwe zilikwisha kuiacha, lakini Tusekile alilelewa hivyo na mama yake, akaja nayo kama alivyokuja na vyombo vyake. Kwa miaka yote Subilaga alikaa katikati yao. Alikohoa kabla mkwewe hajaingia, ili Asajile ageuke. Alipeleka maneno huku na kuleta maneno kule, na mara nyingi aliyaongezea chumvi njiani. Sasa hakukuwa na mtu wa kati, wakajifunza kusema kupitia mlango.

"Baba."

"Nakusikia, Mama Lugano."

"Nesi Bupe ametuma ujumbe. Keshokutwa twende zahanati. Wanataka kidole chako."

"Kidole kipo."

Kisu kiliendelea kumenya. "Darasa la awali linafunguliwa Jumatatu," akasema Tusekile. "Na Gwamaka amepiga simu. Amesema sauti ya mama irudi haraka, nyumba isipoe."

"Gwamaka yuko mlimani kwenye joto. Sisi huku ndio tunajua nyumba imepoa au haijapoa."

Tusekile alimaliza ndizi moja, akachukua nyingine. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Leo nimekwenda naye dukani kwa Mama Ipyana. Mama Ipyana akamsalimia, yeye akampa mgongo, akawa anatazama mashine ya kusaga karanga. Nikamshika mkono tuondoke, akajitupa chini. Duka limejaa watu, baba. Mmoja akasema msiba si sababu ya kumwacha mtoto awe mnyama. Mwingine akauliza kama nyumbani kwetu kuna mtu tuliyemkosea, tumechezewa kichawi."

"Nani alisema hivyo?"

"Kumjua hakutakusaidia. Wewe utabaki hapa na pangaboi lako. Mimi ndiye nitakayerudi dukani."

Asajile alijua ni kweli.

"Mama Lugano," akasema baadaye, "umemwona anavyofurahi kule nyuma?"

Kisu kikasimama. "Nimemwona. Nachungulia kila siku. Mtoto nimemzaa mwenyewe, nikamnyonyesha mwenyewe, na ile furaha sikuwa naijua." Akavuta pumzi. "Lakini na shule nayo ipo. Na watu wapo. Weka kidole, baba. Nakuomba."

Asajile akasema ataweka. Na hakusema kwa ajili ya Tusekile peke yake. Ndani ya punje ile ya harage ilikuwamo sauti ya mkewe, nzima, ikingoja ruhusa yake. Tangu siku ya viatu alikuwa akiwaza kwamba kidokezi kikifunguka, atamwomba Lugano amwazime dakika moja, akiweke sikioni mwake.

*

Nesi Bupe alikuwa msichana mrefu, mwenye kicheko cha karibu, aliyezoea kukaa sakafuni na watoto mpaka magoti ya sare yake yakapauka. Aliwapa kiti Asajile na Tusekile, na Tusekile akageuza chake kuelekea dirishani bila kuambiwa. Bupe aliona akaelewa. Alikuwa mtu wa huku huku.

Lugano hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye feni ndogo ya mezani, akapiga magoti mbele yake.

"Kwenye mashine yangu huyu ana alama zote," akasema Bupe, akisoma kioo chake cha mkononi. "Anasalimia, anatazama usoni, anatabasamu, anashukuru. Alama za mwaka jana zinamweka juu ya watoto wote wa kata. Lakini hizo ni alama za akiwa amevaa. Naomba nimtazame kidogo hivi alivyo."

Akamwita kwa jina. Lugano hakugeuka. Akaviringisha mpira mpaka mguuni pake. Lugano akauokota, akautazama mshono wake kwa karibu, akauzungusha mbele ya feni. Bupe akaonyesha ndege dirishani kwa kidole na kusema, tazama kule. Lugano alikitazama kidole. Kisha, alipotaka feni iongezwe kasi, akamshika Bupe kifundo cha mkono na kuuweka mkono wake kwenye swichi.

"Hata mimi hunifanyia hivyo," akasema Asajile, na akajishangaa kwamba amesema kwa fahari.

Bupe aliuliza maswali mengi, na kila swali lilijibiwa vizuri, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

"Alipokuwa mdogo, alikuwa akiwatazama usoni mkimsemesha?"

"Hapana," akajibu Tusekile. "Tulifurahi. Tulisema ana heshima. Hata mimi hapa, baba mkwe wangu simtazami."

"Alikuwa akilia akitaka kubebwa?"

"Hakusumbua. Watu walisema nina bahati."

"Akicheza, alicheza na wenzake?"

"Peke yake. Hakuwahi kugombana na mtoto wa mtu."

Bupe akatabasamu, lakini si kwa mzaha. "Dalili zote mliziona. Mlizisifia tu. Nyumba nyingine ingesema mtoto hatazami usoni, ana nini. Nyumba yenu haikuona kitu, kwa kuwa hapa hata watu wazima hawatazamani. Kisha akatimiza miaka miwili, akavishwa kidokezi kama wenzake, na kilichobaki kikafunikwa."

"Ana ugonjwa gani?" akauliza Tusekile.

"Si ugonjwa, na hakuna aliyemchezea. Ninachokiona kinaitwa usonji. Ubongo wake unapokea dunia kwa njia nyingine: sauti zinaingia kwa nguvu, nyuso za watu zinamchosha, kitu kinachojirudia kinampumzisha. Dalili moja peke yake haisemi kitu, watoto wengi wana moja au mbili. Lakini zikija pamoja na zikadumu, inabidi tusikilize. Nitawapeleka kwa daktari wa Mbeya ahakikishe." Akaweka kioo chini. "Na nisiwafiche. Tangu vidokezi vije, watoto hawa hatuwaoni tena. Hawakuisha. Wako madarasani, wanaambiwa tabasamu, wanatabasamu. Wengine wanafika ukubwani wamechoka, na hawajui wamechoshwa na nini. Wapo pia walionishukuru, wakasema kidokezi kiliwaepusha na fimbo na majina mabaya. Sheria haikatazi. Mkitaka sauti irudi leo, itarudi leo."

Akatoa kijaluba. Ndani yake kulikuwa na kidokezi cha Lugano na kishikizo cheupe chenye jicho, kile ambacho watoto hushonewa kwenye kola ili kidokezi kione kilichoko mbele yao.

"Kabla sijaweka kidole," akasema Asajile, "naweza kumsikia?"

Bupe alisita. Kisha akambania kishikizo kwenye koti lake, akamwekea kidokezi nyuma ya sikio. "Naruhusiwa kukifungua dakika moja, kwa majaribio. Kitadhani wewe ni mtoto."

Kilipata joto la ngozi. Kukawa kimya. Halafu ikaja ile pumzi ndogo, ile ile, na Asajile akafumba macho.

"Mbele yako kuna mama," akasema Subilaga ndani ya sikio lake, kwa upole, kama aliyekaa begani. "Mama ana huzuni. Amekaa peke yake. Mgeukie umwangalie usoni. Tabasamu kidogo. Mwambie pole."

Shingo yake ilikwisha kuanza kugeuka. Ingekuwa rahisi kuliko kitu chochote duniani kuitii sauti ile. Alikuwa ameitii miaka yote ya ndoa yao bila kujuta. Kisha akakumbuka ni nani aliyekaa dirishani.

Subilaga aliyekohoa kabla ya mkwewe kuingia, aliyebeba salamu kutoka mlango huu hadi mlango ule, asingemwambia kamwe amwangalie Tusekile usoni. Hata kwa utani. Hata katika ndoto. Sauti ilikuwa yake, pumzi ilikuwa yake, lakini aliyekuwa akisema hakuwa yeye. Alikuwa mtu mwingine, mwenye nia njema, asiyewajua.

Akakitoa kidokezi sikioni. Moyoni palikuwa pametulia kwa namna asiyoitarajia. Alikuwa amemzika mkewe mara moja. Hakuhitaji kumfukua.

Jambo moja tu kile kidude kilikuwa kimeliona kweli, ambalo yeye asingeliona kwa macho yake.

"Mama Lugano," akasema, akiitazama sakafu. "Pole. Sijawahi kukupa pole. Wewe pia umefiwa."

Kiti cha dirishani kikalia. "Asante, baba," akasema Tusekile. "Pole na wewe."

"Sitaweka kidole. Huyu si mama yenu. Mniwie radhi."

Bupe alitikisa kichwa polepole, akakirudisha kidokezi kwenye kijaluba. Asajile alidhani mambo yamekwisha. Lakini Tusekile alisimama, na sauti yake ilikuwa ngumu.

"Basi wekeni sauti yangu."

Akamgeukia Bupe.

"Mimi ndiye mama yake. Sihitaji kidole cha mtu. Jumatatu ataingia darasani na watoto wa watu wote hawa, na sitaki achekwe. Nesi, nirekodi mimi."

Ilikuwa haki yake, na Asajile alijua ni haki yake. Alishika kofia yake mikononi. Bupe naye hakubishana. Aliwasha mashine, akamsogezea Tusekile kioo chenye maandishi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mwenye sauti husoma sentensi za msingi, taratibu, kwa sauti ile anayomwambia mtoto wake, na kutokana na hizo mashine hujifunza kusema mengine yote.

Lugano alikuwa bado mbele ya feni. Ilikuwa imefikia kasi aliyoipenda, na mikono yake ilikuwa ikipeperuka, visigino juu, na ile sauti nyembamba ilikuwa inatoka.

Tusekile akasoma. "Mwangalie usoni."

Lugano aligeuza kichwa. Hakukuwa na uso upande ule, palikuwa na ukuta wenye picha ya chanjo. Akautazama ukuta.

"Tabasamu kidogo," akasoma Tusekile, macho yakiwa kwenye kioo.

Lugano akautabasamia ukuta. Lilikuwa tabasamu zuri, lile lile ambalo kata nzima ililijua, ambalo Anyegile alilinunulia biskuti. Midomo ilipanda, mashavu yakapanda, na juu ya mashavu hakukuwa na kitu.

"Tuliza mikono."

Mikono ikashuka. Ikalala kandokando ya gauni. Sauti nyembamba ilikatika katikati kama maji yaliyofungwa, na chumbani ikabaki feni peke yake.

Tusekile aliinua macho kwenye kioo ili aone kwa nini pamekuwa kimya. Akamwona mtoto wake amesimama wima mbele ya ukuta, mikono imetulia, anatabasamu, anangoja kuambiwa linalofuata.

Mashine ilingoja. Bupe alingoja. Asajile, kwa mara ya kwanza tangu mwanamke huyu aingie nyumbani mwake, alitaka kumtazama usoni, na hakumtazama.

"Nesi," akasema Tusekile. "Sentensi ya kumwambia aendelee iko wapi?"

Bupe alipitisha kidole kwenye kioo, kutoka juu hadi chini, ingawa alikuwa analijua jibu. "Haipo," akasema. "Hawakuiweka."

Tusekile akakilaza kioo mezani, kifudifudi. Akaenda akapiga magoti sakafuni nyuma ya binti yake, si mbele yake, asimlazimishe kutazama kitu. Feni iliwapuliza wote wawili.

"Endelea, mama," akamwambia. "Endelea tu."

Kwa muda Lugano hakufanya kitu. Kisha tabasamu lile likaanguka usoni pake, akageukia feni, na vidole vikaanza, vya mkono wa kushoto kwanza.